Pampasi, pedi au mpira wa mkojo? Natumia wilichea na vidole havina nguvu, nataka kujibadilisha mwenyewe

nemsi_dom

Habari zenu wapendwa, naomba msaada wa wenye uzoefu, na samahani kama mada itawakera baadhi yenu ila kiukweli sina pa kuulizia, dukani ukiuliza hivi vitu kila mtu anageuka kukuangalia.

Nina miaka 31, niko Dodoma. Niliumia shingo kwenye ajali ya bajaji, miguu haifanyi kazi kabisa, mikono naweza kuinyanyua na kiti nasukuma mwenyewe ila vidole vya kulia havikamati kitu chembamba na vya kushoto vinashika kiasi, yani kikombe nashika, kifungo cha shati nahangaika nacho. Choo kikubwa nina ratiba yake asubuhi naenda nayo vizuri tu. Shida ni mkojo. Unatoka wenyewe, siku nyingine nasikia mwili unasisimka kidogo kabla, siku nyingine sijui chochote mpaka niguse nikute nimelowa.

Saivi navaa pampasi za watu wazima zile za kufunga pembeni kwa gundi, na anayenibadilisha ni mdogo wangu wa kike. Sasa mwezi wa kumi anaenda chuo Iringa, na mimi nimepata kazi ya mapokezi kwenye ofisi moja hapa mjini, nimefurahi mno na sitaki niipoteze kwa ajili ya hili. Nikijaribu kujibadilisha gundi inachanika au inanata pasipotakiwa afu haibanduki tena, na kunyanyua makalio huku nimeshika pampasi kwa vidole hivi ni kazi. Nimejaribu pia zile za kuvaa kama chupi, ila kuzivua lazima suruali na viatu vitoke kabisa, na kuzivaa nakuwa nimechoka kabla siku haijaanza. Ofisini choo chenye nafasi kipo lakini wamehifadhia ndoo na mafagio, nimeomba watoe, wamesema watatoa.

Sitafuti pampasi inayofyonza kuliko zote, natafuta kitu ambacho nitaweza kukiweka na kukitoa MWENYEWE nikae kazini kuanzia saa mbili mpaka saa kumi bila wasiwasi. Nimepunguza kunywa maji ili nisilowe sana ila kichwa kinaniuma mara kwa mara. Mnaotumia viti mwendo, hasa wanawake, mnatumia nini jamani?

Sele_Mbagala

Pole sana dada na hongera kwa kazi. Mi naona ungewekewa mpira wa mkojo tu wa moja kwa moja na mfuko wake, unavaa gauni refu, mfuko unakaa mguuni hakuna anayejua. Mjomba wangu alikuwa nao tangu apate stroke, hatukuwahi kununua pampasi.

MwanaMvita

Dadangu pole kwa yote, na maji rudi kunywa leo hii hii. Mkojo ukiwa mzito ndio unaonuka zaidi na ndio unaokuletea UTI na kufunga choo, na choo kikifunga kibofu kinabanwa unavuja zaidi, kwa hivyo ukijinyima maji unaumia pande zote mbili.

Mie niko Mombasa, nimezaliwa na mgongo wazi, kiti natumia tangu skuli ya msingi na haya mambo ya kulowa nimeishi nayo umri wangu wote. Nitakwambia ninavyochagua. Watu wengi swali lao la kwanza ni mkojo mwingi kiasi gani, hilo lisubiri. Kwanza tazama vidole vyako vinaweza nini, kisha unahama vipi kutoka kwa kiti kwenda chooni au kitandani, kisha choo chenyewe utakachotumia kikoje. Kitu kinaweza kufyonza mpaka ushangae lakini kama huwezi kukitoa peke yako saa saba mchana ukiwa kazini, hicho si chako.

Kwa ulivyojieleza, pampasi nzima ibaki ya usiku. Mchana jaribu pedi kubwa za mkojo, sio za hedhi, zile ndefu zenye upana mbele na nyuma, pamoja na chupi ya wavu ya kuzishikilia. Ile chupi ya wavu unaivaa asubuhi kitandani kwa kujipindua kulia na kushoto na haitoki mpaka jioni, kinachobadilishwa ni pedi tu. Ukiwa kwa kiti unafunga breki, hakikisha yale magurudumu madogo yameelekea mbele ili kiti kisikuinamie, unasogea mbele ya siti, unaegemea nyuma, unaivuta pedi kwa mbele inatoka. Ile mpya ikunje kwa urefu katikati kabla hujaiweka, ipitishe kutoka mbele kwenda nyuma (usianze nyuma, unaleta uchafu wa choo kubwa mbele na UTI inakuja), egemea upande mmoja ipite chini ya kalio kisha upande wa pili. Ule mkunjo unaacha bonde katikati, mkojo unakimbilia hapo badala ya kutafuta njia pembeni. Na kazi yote hiyo unaifanya kwa kiganja na kidole gumba, huhitaji kukamata kitu chembamba. Pedi inabeba kidogo kuliko pampasi kwa hivyo jipangie saa nne, saa saba na kabla hujatoka kazini, usisubiri ijae.

Nguo nayo ni nusu ya kazi. Suruali achana nayo siku za kazi. Mie fundi hunishonea sketi ya kufunga inayofunguka nyuma, zile pande mbili zinapishana lakini nikikaa nazigawa moja kulia moja kushoto, kwa hivyo siikalii hata kidogo. Mbele inaonekana sketi nzuri tu ya ofisini. Nikibadilisha sina haja ya kunyanyuka kwa sababu ya nguo, na ikitokea imevuja sketi haijalowa. Juu ya mapaja leso yangu.

Nikisafiri ni mambo mengine. Nikipanda treni ya Nairobi siendi na pedi, nafunga pampasi nzima, lakini ile ya velkro inayobanduka na kunata tena, sio ya gundi ya karatasi. Ukipata ya velkro hata ukifunga vibaya unafungua unaanza upya.

Kwa kawaida mie nakojoa kwa mpira wa kuingiza na kutoa, kila baada ya masaa manne hivi, na pedi ni ya tahadhari tu. Hilo ulifikirie lakini lazima ufundishwe na muuguzi akiona vidole vyako.

NesiWaZamu

Habari, mimi ni nesi, nimefanya kazi na majeruhi wa uti wa mgongo kwa muda mrefu. MwanaMvita kasema vizuri sana, naongezea ya upande wangu.

nemsi, kabla hujanunua kitu chochote kuna jambo la kuhakikisha. Kuvuja hakumaanishi kibofu kinaisha. Mtu aliyeumia uti wa mgongo anaweza kulowa siku nzima na bado kibofu kimejaa, kinachotoka ni kile kinachofurika tu. Kinachobaki kinaoza humo, kinaleta UTI na mawe, na mgandamizo ukiwa mkubwa mkojo unarudi juu kwenye figo. Pampasi haiwezi kukuonyesha hilo, itakuonyesha tu kwamba umelowa. Nenda ufanyiwe ultrasound ya kibofu mara baada ya kukojoa waone kimebaki kiasi gani, na figo nazo ziangaliwe, baada ya hapo hata kila mwaka. Kama kibofu kinaisha vizuri, pedi na chupi ya wavu ni chaguo zuri sana kwako. Kama hakiishi, pedi peke yake itakuwa inaficha tatizo.

La pili, na hili naomba usilipuuze. Umesema uliumia shingo, kichwa kinauma mara kwa mara na mwili unasisimka kabla mkojo haujatoka. Inawezekana ni maji machache, lakini kwa mtu aliyeumia kuanzia katikati ya kifua kwenda juu, kibofu kikijaa au choo kikifunga, presha inaweza kupanda ghafla. Dalili ni kichwa kugonga, jasho usoni na shingoni, uso kupata joto, vinyweleo kusimama, pua kuziba. Ikitokea usilale chali, kaa wima, legeza kila kinachobana kuanzia sidiria, mkanda mpaka chupi, kisha shughulikia mkojo, na kama kuna mpira angalia haujajikunja. Isipotulia mara moja nenda hospitali na uwaambie wazi kwamba umeumia shingo na presha inapanda kwa sababu ya kibofu, maana si kila mhudumu amewahi kukutana nayo. Nunua mashine ya presha ukiweza, na ujue presha yako ya kawaida ni ngapi, watu wa shingo mara nyingi wana presha ya chini kwa hiyo inayoonekana ya kawaida kwa mtu mwingine kwako inaweza kuwa imepanda.

@Sele ushauri wako una nia njema, na kwa mgonjwa mwingine unafaa, lakini mpira wa kudumu unaopita njia ya mkojo kwa mwanamke kijana anayekaa kwenye kiti siku nzima sio wa kukimbilia. Anaukalia, unajikunja, bakteria wanapata njia ya kupanda, na ukikaa miaka njia ya mkojo inapanuka unaanza kuvuja pembeni, unarudi kwenye pampasi huku una mpira. Kama itaonekana anahitaji mpira wa kudumu, aulize ule wa tumboni unaopitishwa chini ya kitovu juu ya mfupa wa kinena. Huo haukaliwi, anauona kwa macho, anaufikia hata kwa vidole dhaifu, na mambo ya ndoa hauyazuii. Unabadilishwa na nesi kila baada ya wiki kadhaa, wa silikoni unaweza kufika wiki 12, wa lateksi tupu hauendi mbali hivyo. Mfuko wa mguuni ni wa ml 500 hadi 750, wa usiku lita 2, na siku zote ukae chini ya usawa wa kibofu. Hapo kuna jambo dogo ambalo wenye vidole dhaifu huwa hawaambiwi: angalia bomba la kumwagia. Yako mabomba ya kuzungusha na yako ya kusukuma juu na chini kwa kidole gumba. Wewe unahitaji la kusukuma, lijaribu dukani kabla hujalipa.

Kuhusu mpira wa kuingiza na kutoa, kwa watu wazima mara nyingi ni namba 12 au 14, ya 12 ina kishikio cheupe, ya 14 kijani. Njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi, kama sm 4, kwa hiyo iko mipira mifupi ya kike ambayo haiyumbiyumbi mkononi. Wanawake wanaanza na kioo kilichofungwa kwenye goti au pajani, baadaye wanakwenda kwa kupapasa. Ukiingia ukeni kwa bahati mbaya uache hapo hapo, chukua mpya, sasa unajua tundu unalotafuta liko juu yake. Mtu wa OT (mtaalamu anayefundisha na kutengeneza vifaa vya kujihudumia) anaweza kukutengenezea kishikio kinachovaliwa kiganjani, wapo watu wenye vidole kama vyako wanaoweza. Ulizia hospitali kubwa zenye huduma ya uti wa mgongo, MOI (taasisi ya mifupa) pale Muhimbili au hospitali ya KCMC Moshi, hapo Dodoma anzia hospitali ya rufaa wakupe barua.

Mwisho, zile namba za ml kwenye pakiti usizitegemee sana. Kipimo kinachotumika kinaloweka bidhaa nzima kwenye maji. Mwilini mkojo unatoka kwa kasi sehemu moja na umeikalia kwa uzito wako, itavuja kabla ya kufika hapo.

nemsi_dom

Jamani asanteni, nimesoma mara mbili mbili. Kwa kweli hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kichwa na kibofu vinahusiana, na ni kweli jasho la usoni hua linakuja. Nimeshampigia mjomba anipeleke kupiga ultrasound. Maji narudisha.

Swali, hizo chupi za wavu na pedi kubwa zinapatikana wapi, na nikizikuta gundi ya nyuma nitaibanduaje kwa vidole hivi?

mama_wawili_mza

Mwanangu pole. Mimi ni mama wa kijana wa miaka 15 mwenye mtindio wa ubongo, tuko Mwanza, mkono mmoja anautumia na anataka kujifanyia kila kitu, kwa hiyo tumehangaika sana na hivyo vishikio.

Tafuta kwenye maduka ya vifaa tiba, sio famasi za mtaani, famasi nyingi wanaleta pampasi tu. Kariakoo zinapatikana na wanatuma kwa basi. Usinunue katoni. Nunua pakiti moja, au waombe wakuuzie kipande kimoja kimoja, wapo wanaokubali. Ukifika nayo nyumbani mwagia glasi ya maji, acha dakika chache, weka tishu juu bonyeza kwa kiganja kwa nguvu, tishu ikilowa chapachapa ujue na ngozi yako itakuwa hivyo.

Pedi nyingi za chupi ya wavu hazina hata gundi, zinashikwa na kule kubana. Zikiwa nayo, mdogo wako akubandulie za wiki nzima azikunje aziweke kwenye boksi safi, ile karatasi ikishatoka huna shida tena. Ukishakuwa peke yako tafuta zisizo na gundi.

Kwa pampasi ya velkro ya usiku, sisi tunashona kitanzi cha utepe kwenye yale masikio yanayofungwa. Unachukua utepe wa shuleni kipande cha sm 8 hivi, unakunja, unatia nyuzi kadhaa kwa mkono, kitanzi kinaingia kidole gumba kizima. Mwanangu anaingiza kidole anavuta anabandika, amekwisha. Tunatengeneza za siku kadhaa kwa pamoja tukikaa kuangalia taarifa ya habari. Zipu za nguo zake zote nimetia pete ya funguo. Fundi wako akufanyie hivyo hivyo.

Tukiwa nyumbani mchana tunatumia za kitambaa, nashona mwenyewe, flana nje, taulo la zamani ndani tabaka kadhaa, na chupi ya plastiki juu. Zinaokoa pesa mno. Ila kwa kazini sikushauri, kitambaa hakivuti maji kikayaficha ndani kama pampasi, kinakaa kimelowa juu ya ngozi, na wewe husikii ngozi inapoungua. Hapo ndo vidonda vinapoanzia.

Ngozi: maji na sabuni laini, usisugue, kausha kwa kugusisha taulo, paka krimu ya zinki nyembamba. Vaselini nyingi usipake, inaganda kwenye pedi inaziba, mkojo unashindwa kupenya unatambaa pembeni halafu unasema pedi mbaya. Poda hapana. Dettol kwenye ngozi hapana.

Babu_Kiti

Salamu kwa wote. Binti, mimi niko kwenye kiti tangu 1998, nilianguka mgodini. Nina mawili.

Kwanza mto wa kiti. Watu wakiogopa kuvuja wanatandika taulo, juu yake shuka la mpira lile la hospitali, juu yake kanga iliyokunjwa mara nne, halafu ndo wanakaa. Huo mto umenunuliwa kwa bei kubwa ili usikukandamize, ukishaujaza matabaka yenye mikunjo haufanyi kazi tena, na lile shuka la mpira linatokota jasho. Kidonda cha makalio kitakulaza kitandani miezi, kazi yenyewe itakuwa imekwenda. Tumia pedi moja inayotosha na kifuniko cha mto kisichopitisha maji, basi. Usibebanishe pedi mbili, ile ya chini kwa kawaida haipati kitu kwa sababu ya juu ina plastiki mgongoni. Na hapo mapokezi kila baada ya dakika 15 mpaka 30 inama mbele kifua kiguse mapaja au egemea upande, ukae hivyo dakika moja mbili damu ipite. Fanya kama unaokota kitu, hakuna atakayekuuliza.

La pili hicho choo. Usiombe kwa mdomo tena, andika barua. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri akuwekee mazingira ya kufanyia kazi yanayokufaa, na choo ni sehemu ya mazingira hayo. Andika kwa heshima, omba ndoo zitolewe, uwekwe mhimili wa chuma wa kushika, ndoano ya kutundikia mkoba kwenye urefu wa mkono wako na pipa lenye mfuniko. Nakala ubaki nayo.

Wanaume mnaosoma kimya kimya najua mpo. Sisi tuna kondomu ya mkojo inayounganishwa na mfuko wa mguuni, inatufaa wengi kama kibofu kinaisha, rudieni alichosema nesi. Saizi zinapimwa kwa milimita, kuanzia kwenye 25 hadi 40 hivi, pima kipenyo (upana) wakati umelegea, maana wengi wanachukua kubwa kwa heshima ya ukubwa halafu inachomoka kwenye daladala. Ile yenye gundi ndani unaiviringisha, unaacha nafasi kidogo mbele isiguse kichwa, kisha unaishika kwa kiganja kizima mpaka joto la mkono liinatishe, kwa hiyo hata mwenye vidole dhaifu anaweza. Punguza nywele kwa mkasi. Usifunge plasta wala rababendi kuzunguka, nimeona mtu amepoteza kiungo. Badilisha kila siku, toa kwa maji ya uvuguvugu.

Mkwawa_girl

Naomba niingilie kidogo, mimi sina ulemavu ila tangu nijifungue mkojo unanitoka wenyewe usiku na mchana bila kujua, niko kijijini, natumia vitambaa, mume amenirudisha kwetu. Hizo pedi zitanisaidia?

NesiWaZamu

Pole sana mdogo wangu, asante kwa kuandika. Ulivyoeleza inafanana na fistula, tundu linalobaki kati ya kibofu na uke baada ya uchungu wa muda mrefu, na hiyo inatibika kwa upasuaji. Hospitali ya CCBRT Dar es Salaam wanatibu fistula bila malipo na nauli wana utaratibu wa kuisaidia. Nenda zahanati yenu uwaambie unavuja tangu ujifungue na unataka rufaa ya fistula, tumia neno hilo hilo. Vitambaa na pedi ni vya kukusogeza mpaka siku ya safari. Nitumie ujumbe inbox nikufuatilie.

nemsi_dom

Mungu akusaidie dada @Mkwawa_girl, nenda usichelewe.

Mrejesho wangu. Ultrasound imeonyesha mkojo unabaki kidogo tu, figo ziko sawa, daktari amesema pedi sawa kwa sasa ila nirudi wapime tena na kama kichwa kikigonga niende hapo hapo. Presha nimeandikiwa ya kawaida yangu kwenye karatasi nimebandika kwenye simu. Chupi za wavu nimepata, pedi nimeagiza aina mbili kutoka Dar. Barua nimeandika, ndoo zimetoka, chuma bado. Fundi ananishonea sketi mbili.

Kubadilisha kwenye kiti naweza!! Polepole lakini naweza. Mwanzoni nilikuwa nasahau kuegemea upande wa pili pedi ikawa inabaki imejikunja.

Sasa usiku. Mdogo wangu akiondoka nitalala peke yangu, na usiku ndo natoa mkojo mwingi kuliko mchana, pampasi inajaa kabla ya alfajiri. Nivae mbili?

MwanaMvita

Hongera dadangu!! Mbili hapana, Babu ameshaeleza. Fanya mazoezi ya usiku kuanzia sasa wakati mdogo wako yuko chumba cha pili, asikuguse mpaka umwite, ili akiondoka mikono ishajua kazi. Ile pampasi itandike kitandani ikiwa imefunguliwa na vitanzi vimeshonwa KABLA hujahama kutoka kwa kiti, ukihama unaikalia moja kwa moja, ukilala ni kufunga tu. Masikio ya chini yafunge yakielekea juu kidogo na ya juu yaelekee chini, ndio inakaa vizuri mapajani. Saizi chukua kwa futi ya fundi, pima kiuno na nyonga ufuate kile kikubwa, usiangalie kilo. Ikiwa kubwa inaacha uwazi pajani na hapo ndipo panapovujia.

Kazini beba pedi mbili zilizokunjwa tayari, chupi ya wavu ya akiba na mfuko wa kutilia iliyotumika. Chooni usiitupe, ile jeli ya ndani inavimba inaziba kila kitu.

mama_wawili_mza

Huku tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2019 mimi natunza vifungashio vya mkate kwa kazi hiyo. Vinafungika vizuri.

NesiWaZamu

Usiku una mkojo mwingi kwa sababu ukikaa kwenye kiti siku nzima maji yanatuama miguuni, angalia jioni kama soksi zinaacha alama. Ukilala tu yanarudi kwenye damu, figo zinayatoa, na wewe umeshalala. Ukirudi kutoka kazini jilaze kwa muda wa saa moja hivi miguu ikiwa imeinuliwa kwenye mto, huku bado umevaa pedi ya mchana. Sehemu ya huo mkojo utautoa mapema, unajisafisha ndipo unafunga pampasi ya usiku. Maji yako kunywa zaidi asubuhi na mchana, lita moja na nusu mpaka mbili kwa siku, na baada ya chakula cha jioni kunywa kidogo tu, chai ya usiku iache. Kama miguu inavimba sana au upande mmoja umevimba kuliko mwingine usisubiri, hiyo njoo hospitali siku hiyo hiyo.

Chini ya shuka weka andapedi (pedi ya kutandika kitandani) moja tu, sio shuka la mpira. Na kama mlikuwa mnatumia kengele ya simu ya kukukumbusha kujigeuza usiku, usiifute mdogo wako akiondoka.